Nyapara Aliyezima Mashine

Sisi tuliofanya kazi kwenye kinu cha karanga tulimwita Nyapara, na hata mkewe alimwita hivyo mbele ya wageni. Wazee wa Tabora walilijua neno hilo tangu enzi za misafara, wakati nyapara alikuwa mtu wa kutangulia mbele ya wapagazi na kuamua wapi watalala na wapi watakunywa maji. Huyu wetu hakumtangulia mtu. Alikuwa mtu wa kusimama. Asubuhi ulimkuta getini amesimama, jioni ulimwacha amesimama, mikono nyuma, kofia ya khaki imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Ukimwamkia alikuitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye nguo zako.

Kinu kilikuwa pembezoni mwa Ng'ambo, mtaa wetu wa Tabora, upande wa kuelekea reli. Ilikuwa miaka ya Mwingereza, baada ya vita vikubwa, wakati mafuta ya kula yalitakiwa kila mahali. Karanga zilikuja kwa magunia kutoka vijijini, mashine zikazibangua, sisi wanawake tukazichagua tukitoa mbovu na mawe, kisha zikapelekwa kukamuliwa. Upande mmoja yalitoka mafuta, upande mwingine mashudu ya kulishia mifugo. Kinu kilikuwa cha kampuni moja ya pwani ambayo sikumwona hata siku moja mtu wake zaidi ya Meneja. Nilianza kuchagua karanga pale nikiwa nimeachika, mtoto mgongoni, na nilidumu kinuni kuliko nilivyodumu kwenye ndoa.

Kuhusu nguo, Nyapara hakuwa na mchezo. Kulikuwa na injini moja kubwa ya dizeli, na kutoka kwake shafti ndefu, mhimili wa chuma unaozunguka, ilipita juu karibu na paa. Kwenye shafti hiyo mikanda ya ngozi ilishuka kwa kila mashine, na mikanda ilikwenda kasi hata ukiitazama ulidhani imesimama. Kila mkanda ulikuwa na kinga yake, wavu wa chuma uliofungwa kwa skrubu. Nyapara alizitunza kinga zile kama watu wengine wanavyotunza ng'ombe. Alizigonga kwa kidole akipita, akatikisa pembe zake, na akisikia moja inalia alisimamisha kazi mpaka ikazwe.

Mwanamume aliyekuja na kanzu alirudishwa nyumbani. Mwanamke aliyekuja na kanga isiyofungwa kwa mafundo mawili alirudishwa pia. Namkumbuka mzee mmoja mbeba magunia, mtu wa heshima sana Ng'ambo, aliyekuja Ijumaa moja amevaa kanzu safi ili kazi ikisimama adhuhuri apitilize msikitini. Nyapara alivua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Nyapara."

"Rudi nyumbani ukabadili, mzee wangu."

"Mimi sifiki kwenye mashine. Nabeba magunia tu."

"Mlango wa ghala uko upande wa mashine. Rudi."

Yule mzee alirudi, na alipofika tena kazi yake alikuwa amepewa mwingine. Tulinung'unika siku nzima. Mtu anamwamkia mzee kwa adabu yote, kisha anamnyima riziki. Lakini Nyapara ndivyo alivyokuwa. Hakuwa na lugha ya kati.

Kila Jumatatu kabla injini haijawashwa alituita uani, akaitoa ukutani karatasi ya kanuni iliyokuwa kwenye fremu ya kioo, akatusomea. Alikuwa Mkristo wa Kanisa la Moravian, na alisoma kanuni kama inavyosomwa Injili, polepole, akituangalia mwisho wa kila fungu. Usikaribie mikanda kama si kazi yako. Usivae nguo inayoning'inia. Usimpige mfanyakazi mwenzako. Mashine isiwashwe kinga ikiwa imetolewa. Mwisho aliuliza, "Mmesikia?" na sisi tukajibu, "Tumesikia," tukipiga miayo.

Nyamizi ndiye pekee aliyezipenda. Alikuwa mchaguaji mwenzangu, msichana wa Kinyamwezi kutoka Lusu, upande wa Nzega, mrefu, mwepesi wa kucheka. Hakusoma shule, lakini alizishika kanuni zote kwa kuzisikia tu, na wakati wa kuchagua alikuwa akizighani kwa sauti nzito ya Nyapara mpaka tukacheka machozi yakitutoka. Siku moja Nyapara alisimama nyuma yake akasikiliza mpaka mwisho. Nyamizi alipogeuka alikaribia kuanguka. Nyapara akamwambia, "Umeruka ya nne," akaenda zake.

Sitaki mtu adhani alitupenda. Karani wa kinu ndiye aliyekuwa anachagua kila asubuhi ni wanawake gani wa kuingia kazini, na kazi hiyo alikuwa anaifanyia ndani ya ghala dogo, mlango umerudishwa. Kila mwanamke wa pale alijua kilichokuwa kinaendelea mle. Aliyekubali alipata kazi wiki nzima, aliyekataa alirudi nyumbani na kikapu kitupu. Hatukumwambia Nyapara, maana tulidhani anajua na hajali. Kumbe hakujua. Siku alipojua aliibeba yeye mwenyewe meza ya Karani, akaiweka uani katikati, mbele ya kila mtu, akamwambia Karani, "Kuanzia leo utawaita hapa."

Karani alisema jua ni kali. Nyapara akasema, "Vaa kofia."

Jioni ile nilimfuata kumshukuru kwa niaba ya wenzangu. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Mwajuma, sikuifanya kwa ajili yenu. Ghala la magunia si mahali pa kuandikia watu. Hata wangekuwa wanaume ningeitoa ile meza."

Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikijiuliza ni mtu wa namna gani anayekataa hata asante.

Kisa cha kuku wa shangazi yangu kilikuwa kibaya zaidi. Shangazi alikuwa na mwanawe asiye na kazi, basi akampelekea mke wa Nyapara jogoo mmoja mnene, bila kusema neno, kama watu wanavyofanya. Kesho yake mchana, watu wote wakiwa barazani, Nyapara alipita mtaani kwetu na yule jogoo kwapani, na kofia yake kichwani, akaja mpaka mlangoni kwa shangazi. Akamwambia, "Mama, huyu amepotea njia." Angeweza kumrudisha jioni, au kwa mkono wa mkewe. Alitaka mtaa mzima uone kwamba kwake hakipiti kitu. Aliyeonekana ni shangazi. Mpaka alipokufa, shangazi hakumwitikia salamu tena, na mimi sikumlaumu.

Tena mtu huyo huyo aliyeogopa jogoo hakuogopa wanzuki. Jumamosi jioni alikwenda kwa wauza pombe ya asali, akakaa pembeni peke yake na kibuyu chake, akanywa taratibu mpaka macho yakawa mekundu. Kanisa lilimtenga kwa ajili hiyo, likamrudisha, likamtenga tena. Aliposhika kibuyu ndipo alipozungumza kidogo, na zaidi alizungumza Kinyamwezi. Alikuwa na msemo wake, aliurudia hata kwa watu waliokuwa wameusikia mara nyingi: "Mashine haimjui mtu jina." Walevi wenzake wakamgeuza kichekesho. Mtu akijikwaa kwenye kigogo, wanasema kigogo hakimjui mtu jina.

Na alikuwa na mkono mwepesi. Ramadhani, kijana aliyekuwa anasimamia mashine ya kubangua, aliwahi kupenyeza mkono chini ya kinga kuokota kisu chake kilichoanguka. Nyapara alimvuta kwa shingo ya shati akampiga makofi mbele yetu sote, mpaka damu ikamtoka mdomoni. Ramadhani alipopata pumzi alisema, kwa utulivu, "Usimpige mfanyakazi mwenzako. Si ulitusomea juzi?"

Nyapara alisimama pale. Kisha akaenda ofisini kwa Meneja akajishtaki. Meneja alicheka, akamwambia arudi kazini. Alikataa kutoka mpaka apewe adhabu, na mwishowe akasimamishwa kazi siku chache, akakaa barazani kwake akichonga mipini ya majembe. Hakumwomba Ramadhani radhi. Aliporudi hakumpiga mtu kwa muda mrefu, halafu akampiga mwingine, akaenda kujishtaki tena.

Meneja alikuwa Mwingereza mmoja mpole, mwembamba, aliyependa kutusalimia kwa Kiswahili chake. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Nyapara alimheshimu, na nadhani kwa miaka mingi Meneja pia alimheshimu, kwa sababu wakaguzi wa serikali walipokuja kutoka Dar es Salaam walikuta kila kitu mahali pake, wakaandika mema.

Mambo yaliharibika msimu ambao karanga zilikuwa nyingi na kampuni ikataka mafuta haraka. Vumbi la maganda lilikuwa likijaa ndani ya zile kinga, mkanda ukateleza, na kila mara ilibidi injini izimwe, skrubu zifunguliwe, pafagiliwe, kinga irudishwe. Meneja akaamuru kinga ya mashine ya kubangua iondolewe mpaka msimu uishe. Ramadhani akaiondoa. Nyapara alipoingia na kuiona imeegemezwa ukutani hakuuliza neno. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha injini akaizima.

Ukimya uliofuata ulitutisha. Meneja alikuja.

"Nyapara, nani amezima?"

"Mimi, Bwana."

"Kwa nini?"

"Kinga imetolewa."

"Nimeitoa mimi."

"Kanuni haisemi nani ameitoa, Bwana. Inasema isiwashwe."

Kinga ikarudishwa. Wiki iliyofuata ikatolewa tena, na akazima tena. Safari hii Meneja hakuja kuuliza. Alimwita ofisini, wakakaa humo muda mrefu, na Nyapara alipotoka tulipata habari kwamba amepandishwa. Anakwenda Kaliua kusimamia ununuzi wa karanga kwa msimu wote. Kaliua ndipo reli ya Mpanda inapoachana na reli ya Kigoma, na wakulima walileta mazao yao pale kwa wingi. Ilikuwa kazi kubwa, na nyumba ya kampuni juu yake. Mkewe alipika pilau akaita majirani. Sisi wachaguaji tulifurahi pia, tuseme kweli, maana tulidhani tutapumua kidogo. Asubuhi ya safari alipita kinuni na sanduku lake la bati, akazunguka mashine zote akizitikisa zile kinga moja moja, kisha akaenda stesheni.

Karani akashika nafasi yake. Kinga ya mashine ya kubangua ikatolewa kabla ya wiki kwisha, baadaye na nyingine. Hatukuzoea mwanzoni, tukapita mbali. Baada ya muda tukazoea.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, kazi imechanganya. Maganda yalikuwa yamelundikana chini ya mkanda, na Karani hakutaka injini izimwe. Alitazama meza yetu akasema, "Wewe, Nyamizi, wewe ni mwembamba. Chukua fagio upitishe pale chini."

Nyamizi alinitazama. Akaikaza kanga yake, mafundo mawili, nilimwona kwa macho yangu. Akachukua fagio akaenda akiwa ameinama.

Sikuona mkanda ulivyomshika. Nilisikia injini ikibadili sauti, kama mtu aliyekabwa na tonge, kisha ikaendelea kama kawaida. Ramadhani alikuwa anapiga kelele. Mwisho mtu fulani aliizima, na sisi tukakimbilia pale, na wengine wetu wakarudi nyuma. Alikuwa bado anapumua tulipomweka juu ya magunia. Nilimshika kichwa. Hakusema chochote, na gari la kumpeleka hospitali lilipofika hakukuwa na haja nalo tena.

Walitutoa wote nje, lango likafungwa. Kutoka uani tulisikia bisibisi zikifanya kazi ndani. Polisi walipokuja, kila mkanda ulikuwa na kinga yake.

Kampuni ilitoa lori kumpeleka Nyamizi kwao Lusu, na madebe ya mafuta kwa ajili ya matanga. Mimi nilikwenda pamoja na wachaguaji wengine. Nyapara alitukuta kule siku ya pili, amechafuka vumbi. Alikuwa ametoka Kaliua kwa treni, akadandia lori la watu wa Nzega, sehemu iliyobaki akatembea. Alimwamkia mama wa Nyamizi kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mayo," akapiga goti moja chini kama mtoto.

Yule mama alimtazama kwa muda. "Ni wewe uliyekuwa ukiwasomea?"

"Ni mimi."

"Mwanangu akija nyumbani alikuwa ananisomea mimi tukipepeta. Mimi nazijua zote, na mashine sijaiona."

Nyapara aliinuka kutoka pale chini. Alikaa na wanaume mpaka matanga yakavunjwa, hakula kitu cha maana, na hakugusa chochote kilichopikwa kwa yale mafuta.

Uchunguzi wa kifo ulifanyika Tabora. Sisi wachaguaji hatukuitwa, lakini tuliruhusiwa kusimama nyuma. Mama wa Nyamizi aliletwa akakalishwa kwenye benchi la mbele. Waliotoa ushahidi ni Meneja, Karani, Ramadhani, na mwisho Nyapara, ambaye kampuni yenyewe ilimwita kutoka Kaliua. Meneja alisema kwa upole kwamba kampuni ina kanuni, kanuni husomwa, na amesikitika sana. Karani aliapa kwamba kinga ilikuwepo, na kwamba marehemu aliingia chini ya mkanda kwa hiari yake, nguo ikining'inia. Ramadhani aliulizwa kuhusu kinga akatazama sakafu. Alisema hakumbuki. Alikuwa na watoto wadogo, na simsemi vibaya.

Kisha Nyapara akapanda. Alijua Kiingereza cha kazini, lakini alitaka mkalimani.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukiwasomea wafanyakazi kanuni?" Hakimu aliuliza.

"Ndiyo."

"Marehemu alikuwepo?"

"Hakukosa."

"Kanuni inamkataza asiyehusika kukaribia mikanda?"

"Inamkataza."

"Na nguo zinazoning'inia?"

"Inazikataza."

Nilimwona Meneja akipumua. Ndipo nilipoelewa kwa nini walimwita. Kila alichosema kilikuwa kweli, na kila alichosema kilimfukia Nyamizi zaidi. Hakimu akamwambia anaweza kushuka. Hakushuka.

"Bwana Hakimu, kuna kanuni moja sijaulizwa."

Mkalimani alisita. Nyapara akarudia maneno yake kwa sauti ile ile ya Jumatatu, na safari hii mkalimani akatafsiri.

"Inasema mashine isiwashwe kinga ikiwa imetolewa. Hiyo ya nguo ni ya mfanyakazi. Hii ni ya mwenye mashine. Mimi nilizisoma zote kwa sauti moja. Naona hapa imesikika moja tu."

"Siku ya ajali ulikuwepo kinuni?"

"Sikuwepo. Nilikuwa Kaliua."

"Basi huwezi kujua kama kinga ilikuwepo au haikuwepo."

"Siwezi. Ninachojua ni kwa nini nilikuwa Kaliua." Akaeleza jinsi alivyoikuta kinga imetolewa, alivyozima injini, walivyoitoa tena, na alivyoitwa ofisini akapewa cheo. Hakimu alimkatiza akamwambia ajibu anachoulizwa. Nyapara akasema hana tena la kuulizwa, akashuka, akapita karibu na benchi la mbele bila kumtazama mama wa Nyamizi.

Hukumu ilikuwa kwamba ni ajali, na kwamba uzembe wa marehemu mwenyewe ulichangia. Hakimu aliishauri kampuni kanuni zisomwe mara mbili kwa wiki.

Zikasomwa. Karani ndiye aliyekuwa anasoma, haraka haraka, akiruka maneno. "Mmesikia?" Tukajibu tumesikia. Nyapara naye alipofika kinuni alikuta askari mgeni getini, akaambiwa sanduku lake litaletwa kutoka Kaliua na asipite pale tena. Nyumba ya Kaliua akapewa mtu mwingine. Alijaribu kutafuta kazi kwenye maghala mengine mjini, lakini kila mahali Meneja alikuwa na rafiki.

Kilichonishangaza zaidi ni watu wetu. Msimu uliofuata kampuni ilikifunga kinu, ikapakia mashine kwenye mabehewa ikazipeleka kwingine. Sababu hatukuambiwa. Labda karanga zilipungua, labda bei. Ng'ambo ilikuwa na jibu lake: Nyapara. Angekaa kimya, kinu kingekuwepo. Mzee aliyerudishwa siku ya Ijumaa, Karani, mwana wa shangazi, hata wanawake waliotolewa ghalani na kuitwa uani mbele za watu, wote walikuwa na neno hilo hilo. Alipoketi kwa wauza wanzuki benchi liliachwa wazi pande zote mbili. Mkewe alikwenda kuomba moto jirani akaambiwa umezimika, huku moshi unaonekana. Nilimpa mimi moto, na kwa sababu hiyo wengine wakaacha kunisalimia kwa muda. Siku moja asubuhi tulikuta nyumba yao imefungwa kwa mti mlangoni. Hawakuaga.

Nilianza kuuza maandazi sokoni. Maisha yakaenda. Miaka ikapita mingi kiasi kwamba mwanangu akanizidi kimo, na watu wakaanza kuzungumza habari za Uhuru waziwazi mitaani. Katika wakati huo nilikuwa nasafiri kwenda Sikonge kwenye msiba, na lori letu likavunjika ekseli katikati ya msitu. Dereva alisema tutakaa pale mpaka jioni. Niliona moshi upande wa kulia, nikafuata njia ya miguu kutafuta maji ya kunywa.

Palikuwa na nyumba mbili za udongo na shamba la mihogo. Mwanamume mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda, anasuka kamba ya magome ya miti. Nilimjua kabla hajainua uso, kwa jinsi alivyotazama miguu yangu kwanza, kisha nguo zangu.

"Shikamoo, Nyapara."

Aliiweka kamba magotini. "Marahaba, Mwajuma." Akamwita binti yake alete maji na kigoda kingine.

Mkewe alikuwa amefariki. Tulizungumza habari hizo kwanza, na habari za mwanangu, na mvua. Alikuwa amekonda, jicho moja lina utando. Kisha akaniuliza, bila kuzunguka, watu wa Ng'ambo wanasema nini juu yake siku hizi. Nilimwambia kweli: waliobaki wanasema alifunga kinu, na vijana hawamjui.

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyesikia bei aliyoitarajia.

"Wewe mwenyewe unajutia kusema vile mahakamani?" nikamwuliza.

"Hapana. Neno lile halikuwa na kazi tena. Alikuwa ameshakufa." Aliendelea kusuka. "Najutia treni."

"Treni gani?"

"Ya Kaliua. Meneja aliniambia kule ofisini kwamba ni cheo. Nilijua si cheo. Nilijua nikipanda tu, kinga inatoka. Ndiyo maana nilizunguka nikizitikisa asubuhi ile, si uliniona? Nilikuwa naziaga. Kisha nikajiambia, amri ya uhamisho ni halali, imetolewa na mwenye haki ya kuitoa, na mimi nimewafundisha watu kutii. Nikapanda. Na nikuambie, Mwajuma, nilipokaa kwenye kiti nilifurahi. Nilikuwa nimechoka kuchukiwa."

Ndege walikuwa wanalia mle msituni, na kule barabarani wanaume walikuwa wakipigana na lile lori kwa nyundo. Nilimwuliza kama amewahi kumwambia mtu mwingine jambo hili.

"Nilikwenda Lusu. Baada ya kuhama Tabora, kabla hatujajenga hapa. Nilimweleza mama yake kama nilivyokueleza wewe."

"Akasema nini?"

"Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Kisha akaniambia nisirudi tena pale kwake."

"Ukarudi?"

"Sikurudi."

Honi ya lori ikapigwa, mara moja, ndefu. Akasema, "Nenda, watakuacha," akamwambia binti yake anifungie mihogo ya njiani. Niliipokea. Nilipofika kwenye kona ya njia nilitazama nyuma, nikamwona ameinamia kamba yake, anaisuka. Hakuwa amenituma salamu kwa mtu yeyote mjini, na nilipofika mjini sikumwambia mtu kwamba nimemwona.